Kona ya Kamera: Hela ya korosho imeishia kwenye lenzi

Mwezi huu simu ya kona imejaa meseji za kusini, kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba, na cha ajabu wengi hawaulizi kamera gani nzuri, wanauliza kuhusu watu. Mume, babu, binti, mjomba. Tuanze na huyu mama ambaye barua yake ndefu ila nimeiacha ilivyo, majina tu ndo nimeondoa.

Swali: Shikamoo anko. Mimi mama wa watoto watatu niko Tandahimba. Mwaka jana baada ya mnada hela ya korosho ilipoingia benki mume wangu akaniambia anaenda Mtwara kununua bati maana jikoni kunavuja, jioni karudi na begi jeusi mgongoni nikajua ni dawa ya kupulizia kumbe kamera, Canon ya mtumba na lenzi mbili, moja imeandikwa 18-55 nyingine 50, laki nane na themanini, bati hata moja hakuna. Nikanyamaza. Sasa mwaka huu kaanza kuongelea lenzi ndefu ya kupigia ndege. Jumapili sisi tuko shamba tunaokota korosho yeye kalala kifudifudi chini ya mkorosho anapiga kinyonga. Majirani wanamletea watoto wao awapige bure na yeye anachekelea. Siku moja nikapekua ile kamera, kuna ndege, kuna machweo, kuna mbuzi wa jirani, watoto wetu wapo, mimi simo. Mdogo wangu ananiambia uza tu akirudi asiikute. Niuze?

Jibu: Marahaba mama, na pole. Usiuze. Sisemi hivyo kwa vile mimi ni mtu wa kamera, ila kitu cha mtumba kikiuzwa kwa hasira kinakwenda nusu bei, mnunuzi akikuangalia usoni tu ameshajua una haraka, na hiyo nusu bei haitoshi bati wala haileti amani nyumbani. Halafu ukiuza kwa siri mtakuwa mmelingana, yeye kafanya lake kimya kimya na wewe umefanya lako, hapo nani atamsema mwenzake?

Ila kwenye hela niko upande wako bila kupepesa macho. Hela ya korosho sio mshahara wa kila mwezi, minada ikiisha ndo basi mpaka msimu mwingine, na kabla ya msimu mwingine kuna palizi, kuna salfa ya kupulizia mikorosho, kuna ada za shule. Mtu hatoki nyumbani na wazo la bati akarudi na wazo la lenzi. Mwambie hivyo, na mwambie mapema kabla mnada haujaitishwa, sio siku hela iko mfukoni maana siku hiyo masikio yanakuwa hayapo. Mkubaliane bati kwanza na lenzi ndefu baadae, na mkiandika kwenye daftari la nyumbani sio mbaya.

Sasa na wewe baba, maana najua hii utasomewa. Hiyo lenzi ndefu huihitaji bado. Lenzi ndefu za bei rahisi zinaingiza mwanga kidogo, ukiivuta mpaka 300 na kamera uliyonayo unatakiwa shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga, isiwe chini ya 1/500 ya sekunde la sivyo mkono ukitikisika kidogo tu ndege anatoka amefifia, na alfajiri chini ya mikorosho mwanga wa kukupa 1/500 hamna, utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha iwe chengachenga halafu utasema kamera mbovu unataka nyingine. Hivi ndivyo hela zinavyoondoka kwenye hii hobi, picha zenyewe ni bure ukishakuwa na kamera, kinachokumaliza ni lenzi inayofuata. Hiyo 50 uliyonayo kama ni ile ya f/1.8, yaani yenye tundu kubwa, inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ukilinganisha na 18-55 ukiivuta mwisho, yaani jioni mko ndani na taa moja ya sola bado unapiga watoto wanakula na picha inatoka. Na kama ni vidudu unavyotaka, mabibo yakidondoka na kuanza kuchacha vipepeo na nyuki wanajileta wenyewe, kaa hapo utulie.

Jingine la huko kwenu, siku za kupulizia salfa kamera ibaki nyumbani. Lile vumbi ni laini mno, linaingia kwenye lenzi inayovutika, ukibadilisha lenzi shambani linatua kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, na likikutana na unyevu linaanza kula nyaya. Nimeona kamera ya mtu imekufa hivyo na ilikuwa nzima kabisa.

Watu watamwambia afanye biashara hela irudi. Pasipoti saizi sawa, picha za mahafali ya darasa la saba sawa. Harusi namkataza, angalau kwa sasa. Harusi ni kazi ya mtu mwenye kamera mbili, fleshi, betri za akiba na kifua cha kuvumilia mama wa bibi harusi, na memori kadi ikigoma pale hakuna wa kumwambia bwana harusi avalishe pete tena. Halafu Jumapili yake iliyokuwa ya kinyonga itakuwa ya wateja, hobi itakufa na biashara yenyewe haijasimama.

Nimeacha la mwisho makusudi. Mama umeandika mistari mingi kuhusu bati ila mimi nimesimama kwenye "mimi simo". Mambo ya bati yataisha msimu ukienda vizuri. Watoto wakikua wakafungua hizo picha wakakuta mbuzi wa jirani yupo mara kumi na mama hayupo, hapo hamna mnada wa kurudisha. Kwahiyo deni la huyu baba ni hili, na halina gharama: akupige wewe. Sio umevaa gauni la sikukuu umesimama wima mbele ya ua. Akupige ukibangua, ukipalia, ukiwa na chungu cha ming'oko jikoni kwenye hilohilo jiko linalovuja. Na wewe uishike hiyo kamera, iweke kwenye auto, umpige yeye. Ina taima ya sekunde 10, iwekwe juu ya meza au kinu kilichopinduliwa, mkae wote watano. Halafu zisafishwe mjini ziletwe karatasi, sio zibaki kwenye kamera ambayo wewe mpaka upekue.

Swali: Mambo anko. Niko Mikindani, nimeazimwa Nikon na bro. Babu yangu anakaa barazani kila jioni, nyuma yake ghuba inaonekana, kavaa kanzu nyeupe na kofia, yaani view kali. Nikimpiga bahari inatoka safi, kanzu inatoka safi, sura inatoka nyeusi tii macho hata hayaonekani. Washkaji wananiambia niweke filta ya kung'arisha ngozi. Pia babu ana chale za nembo usoni za zamani, natamani zionekane lakini kwenye picha zinapotea.

Jibu: Poa mdogo wangu. Filta achana nayo, itampa babu rangi ya mtu mwingine na ukoo utakuuliza huyu nani.

Shida sio ngozi ya babu, shida ni kwamba kamera haimjui babu. Yenyewe inapima mwanga wa kila kitu kilichomo, inatafuta wastani, na pale umeipa ghuba inayomeremeta na kanzu nyeupe, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga. Anayelipia ni sura. Na hili la ngozi yetu kuonewa na vyombo halijaanza jana, filamu za rangi za zamani za Kodak maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wakiziita kadi za Shirley, ngozi yake ikitoka vizuri basi kazi imekwisha. Ndo sababu mojawapo ukifungua albamu za miaka ya sabini unakuta wazee wetu wamebaki meno na kofia. Kamera za sasa zina uwezo mkubwa zaidi ila lazima wewe uziambie unamtaka nani.

Njia rahisi, geuza mambo. Babu akae ukingoni mwa baraza aangalie bahari na wewe ndo uipe bahari mgongo. Ile anga yote inamwangazia usoni bila jua kumpiga, na nyuma yake unapata ukuta, na Mikindani kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa zipo bado, bora kuliko view yoyote. Lakini wazee hawahamishwi viti hovyo, kwahiyo kama hataki mwache alipo. Kwenye Nikon tafuta kile kitufe cha +/- upeleke +1, ikibidi zaidi ya hapo kidogo, piga, angalia. Ghuba itakuwa nyeupe zaidi, iache iwe nyeupe, hujaenda kupiga ghuba. Kama inakusumbua weka kipimo cha nukta, yaani ile inayopima sehemu ndogo tu unayoilenga, ielekeze kwenye shavu. Kwenye simu gusa sura, shikilia kidole mpaka ifunge, halafu vuta kale kajua juu. Kitu cha kuchunga ni kanzu tu, ikiwa nyeupe mpaka mikunjo imepotea umezidisha, rudisha kidogo.

Nembo sasa. Chale ni mwinuko mdogo wa ngozi, na mwinuko unaonekana kwa kivuli chake. Mwanga ukitoka mbele, hasa fleshi, unafuta vivuli vyote. Tafuta mwanga unaoingia upande mmoja, mlangoni au dirishani kwenye saa kumi na moja hivi, babu akae ubavu wake mmoja uelekee mlango, kila mstari utasimama. Saa sita mchana usijaribu kabisa, na huku kwetu kuna siku karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 21 Februari jua linapita utosini kabisa, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili.

Ila kabla ya yote muombe. Wazee wenye nembo wamebaki wachache na wengi wamechoka kupigwa na wageni wanaosimamisha gari, wanapiga wanaondoka. Muulize alichanjwa wapi, nani alichanja, aliogopa? Washa rekoda ya simu wakati anaongea. Picha ya sura bila hiyo sauti mimi naiona nusu.

Swali: Niko Lindi mjini. Lenzi yangu kwa ndani ina utando kama wa buibui, nimefuta kwa pamba na spiriti hautoki. Na kamera naitunza sana, naifungia kabatini kwenye begi lake la ngozi na kitambaa juu.

Jibu: Huo ni ukungu, tena uko ndani ya vioo, hiyo pamba unasugua upande ambao hauna shida. Acha utachubua. Na huko kabatini ndo umeulelea, giza, ngozi, hewa haitembei, na unyevu wa pwani yetu, vitu vyote unavyovipenda ukungu umeviweka pamoja. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu na mabegi vipya, omba madukani wanavitupa. Mchele usiweke, haunyonyi vizuri na una vumbi. Hiyo lenzi itenge na zingine. Kama picha bado zinatoka vizuri endelea kuitumia, utando mdogo unasumbua zaidi ukielekeza kwenye jua. Fundi anaweza kufungua, ila kama ni lenzi iliyokuja na kamera uliza bei kwanza, mara nyingi unapata nyingine ya mtumba kwa hela hiyohiyo. Na ukitoka ufukweni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilichoguswa maji yasiyo ya chumvi kidogo sana, chumvi haionekani lakini ipo.

Swali: Shikamoo anko. Mtoto wa dada yangu anachezwa unyago likizo hii huku Newala, dada kaniomba nipige picha kuanzia mwanzo mpaka siku ya kutoka maana mimi ndo nina simu kali. Kungwi kasema akiniona na simu kule ndani anaivunja. Dada anasema huo ushamba. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kungwi yuko sahihi na simu yako kali iokoe.

Kule ndani hapapigwi picha. Kuna mambo yana wenyewe na wenyewe wamesema hapana, lakini hata ukiacha mila pembeni, yule ni mtoto, hawezi kukukatalia, na hayuko peke yake, kuna mabinti wa watu wengine pale ambao mama zao hawajakuomba chochote. Picha ikishaingia kwenye simu moja imeingia kwenye simu zote za ukoo, na ikifika kwa shemeji asiyehusika huirudishi.

Siku ya kutoka ndo siku yako. Wamevalishwa khanga mpya, ngoma iko uwanjani, watu wanatunza, vumbi linapanda, hiyo ni sherehe ya hadharani. Na bado nenda kwa kungwi mapema na adabu zako muulize usimame wapi. Simama jua likiwa nyuma ya mgongo wako au pembeni, chuchumaa uwe sawa na macho ya mwali maana ukimpiga kutoka juu anaonekana mdogo na ana hofu, na kwa wapiga ngoma shata 1/250 kwenda juu, simu weka ile hali ya michezo kama inayo. Safisha picha moja nzuri ya kungwi mwenyewe akicheza, mpelekee mkononi. Mwaka unaofuata atakutuma mtu akufuate.

Swali: Mimi mama niko Lindi. Binti yangu wa miaka 14 kaninunia wiki nzima kisa nimeweka stetasi picha yake kalala na daftari usoni, yuko na yunifomu, picha inachekesha watu wameipenda. Akiwa mdogo nilikuwa naweka kila siku wala hasemi. Baba yake anamtetea. Hivi siku hizi mtoto wako mpaka umuombe ruhusa?

Jibu: Ndiyo mama, akifika umri huo muombe, na baba yake usimnunie.

Akiwa na miaka mitatu alikuwa hasemi kwa sababu alikuwa hajui kama kuna watu wanamcheka. Sasa anajua, na waliomcheka kesho yake yuko nao darasani, wewe hauko nao. Picha yenyewe inaweza kuwa nzuri kweli, watoto waliolala na vitabu ni picha nzuri tangu enzi, isafishe uweke sebuleni kama ataafiki, au uitunze umpe siku anaolewa. Kuipiga sio tatizo, kuitangaza ndo kumeleta kununa.

La pili ni yunifomu. Yunifomu inasema anasoma wapi, na stetasi yako wanaiona watu uliowahi kuuza nao dagaa mara moja ukahifadhi namba. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, sikuambii kwamba binti atakupeleka huko, nakuambia tu kwamba hata nchi imekubali taarifa za mtu ni za mtu, na za mtoto ndo zinatakiwa ulinzi zaidi. Zima pia mahali, yaani ile location, kwenye mipangilio ya kamera ya simu. Ukituma picha kawaida kwa WhatsApp zile taarifa za mahali zinaondolewa, ila ukiituma kama dokumenti zinakwenda nazo mpaka mlangoni kwako.

Futa, muombe radhi kwa kifupi bila hotuba, halafu mpe yeye simu akupige wewe ukiwa umelala.

Swali: Ukoo wetu asili Nachingwea. Kuna picha moja tu ya babu mzaa mama, kasimama pembeni ya behewa la treni, iko kwenye fremu miaka na miaka, unyevu umeingia na upande wa chini imegandana na kioo. Mama mkubwa yuko Mtwara anaitaka, mjomba anasema vitu vya ukoo vinakaa kwake ndo utaratibu, binamu wa Dar anataka kuichukua aitie rangi kwa kompyuta. Juzi mjomba alitaka kuibandua kwa kisu tukamzuia. Tunaomba utuamulie.

Jibu: Mliomzuia mjomba mmefanya la maana sana. Picha za karatasi za zamani zina utando wa juu ambao ndo umebeba picha yenyewe, ukilowa unanata kwenye kioo, ukivuta kwa nguvu karatasi inakuja na sura inabaki kwenye kioo. Msiloweke maji, msipake mafuta, msianike juani. Iacheni na kioo chake.

Mnachofanya ni kuipiga picha hivyohivyo ilivyo. Futa kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu laini. Ilaze barazani kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, au karibu na dirisha, fleshi isiwake. Adui ni mng'ao, mtajiona nyie na mawingu kwenye kioo, kwahiyo mtu mmoja ashike baibui au kitambaa cheusi juu nyuma ya kamera, utoboe sehemu ya lenzi tu ichungulie. Kamera iwe sambamba na picha, isiinamie upande, ukiona fremu imekuwa pana chini nyembamba juu rudia. Kwa simu usizidishe karibu, kaa juu kidogo uikuze mara mbili ndo mistari inanyooka. Piga nyingi, halafu piga na sehemu ndogondogo za sura na behewa moja moja, namba za behewa zikisomeka mmepata hazina.

Nasema hazina kwa sababu treni yenyewe haipo. Reli ya kusini ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951, Nachingwea ikiwa katikati ya mambo, na gati la Mtwara nalo limetokana na mradi huohuo, halafu reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maana yake kama picha ilipigwa huko kwenu babu yenu alisimama pale kati ya mwisho wa miaka ya arobaini na mwanzo wa sitini, hilo tayari ni jibu la "ilipigwa lini" ambalo koo nyingi hazina. Alikuwa anafanya nini pale, kibarua, fundi, msafiri? Anayeweza kujua ni mama mkubwa. Kabla hamjagombana picha ikae wapi nendeni Mtwara na nakala mkamuulize, rekodini, maana yeye ni mtu mzima na hilo swali lina muda wake.

Kugawana sasa. Picha halisi kwa mjomba, sawa, utaratibu wetu wa upande wa mama unaeleweka, lakini kwa masharti: isitundikwe ukuta unaopigwa na jua wala ukuta wa jikoni wala unaolowa masika. Mama mkubwa apewe nakala kubwa kwenye fremu nzuri, na katikati ya kioo na picha kuwe na ukingo wa karatasi nene ili visigusane tena. Binamu wa Dar atie rangi kwenye nakala atakavyo, kompyuta inabuni tu hizo rangi haikuwepo Nachingwea, kwahiyo isije ikaandikwa popote kwamba shati la babu lilikuwa la bluu. Nyuma ya kila nakala andikeni jina lake na mahali kwa penseli, peni inapenya. Na faili likae sehemu tatu, simu ya mmoja, fleshi ya kompyuta ya mwingine, na mtandaoni, nyumba zisizokuwa jirani.

Ya harakaharaka:

Picha nilizotumiwa WhatsApp nataka nizisafishe ukubwa wa A4, studio wanasema hazifai. Wanasema kweli. Ikitumwa kawaida inapunguzwa mpaka kama pikseli 1600 upande mrefu, inatosha saizi ya 4x6 ya albamu, A4 inataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Aliyepiga akutumie upya kama dokumenti.

Naleta familia huku kusini kutoka Dar mwezi wa kumi na mbili, wapi pazuri pa picha na watoto? Newala pale Shimo la Mungu, ukingo wa nyanda unaangalia bonde la Ruvuma mpaka upande wa Msumbiji, jioni ni pazuri mno ila watoto washikwe mikono, sitanii. Msimbati huko Mtwara kwa mchanga, angalieni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mchanga uliolowa unaonyesha anga yote na akina mama wanatafuta pweza, waombeni kabla ya kupiga. Kilwa Kisiwani kama mnapita, magofu ni Urithi wa Dunia tangu 1981, chukueni kibali Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Mvua mwezi huo zinakuwa zimeanza, bebeni mfuko wa plastiki wa kamera. Bandarini na kwenye mitambo ya gesi msinyanyue kamera bila kuuliza, mtapoteza siku nzima mkijieleza.

Mwanangu wa miaka 9 anataka kamera, nimnunulie? Usinunue. Mpe simu ya zamani isiyo na laini, mwambie apige vitu vitano vya rangi moja humo ndani, kesho rangi nyingine. Akiendelea zaidi ya likizo njoo tuongee. Ya baba yake akitaka kuishika, mkanda uwe shingoni kwanza.